Fatundu Walioletwa Kwenye Matanga Yako

Mume wangu Nassoro,

Hali yako siulizi. Watu wakiandika barua huanzia hapo, lakini ya kwako naijua. Niliishika miguu yako pale chumba cha maiti nikasema mleteeni huyu shuka nyingine, anahisi baridi. Yule kijana wa mle ndani aliniangalia, hakunibishia, akaenda kuleta shuka. Mungu ampe. Hali yangu nitakwambia bila kuipamba: nakula, nalala, nakaanga, nawatukana wateja kama kawaida, ila raha sina, na sitaki mtu aje kuniambia nitazoea.

Usicheke mwandiko. Herufi ulinifundisha wewe mwenyewe nikiwa tayari na magoti mabovu, ukidai umechoka na sauti zangu za kwenye simu, eti bibi unaanza na salamu unamaliza na bei ya mkaa, ulichotaka kusema hakimo. Haya, leo nimeandika. Soma.

Mtaa umebadilika kidogo. Lile ghorofa la jirani limepanda mpaka limetuziba jua la uani, nguo zinashinda kutwa kwenye kamba na tunazianua zikiwa mbichi. Mangi wa duka la vitenge amehamia upande wa pili wa barabara. Mchana bado anakuja kununua samaki, na bei bado anailalamikia kama vile mimi ndiye niliyewaumba hao samaki. Juzi alisimama mbele ya kabati langu la vioo, akachungulia, akasema, "Bibi, naona siku hizi samaki wamerudishiwa vichwa."

Alitania tu, maskini. Nilimfungia wake, nikageukia jiko, nikalipepea na halikuwa na haja ya kupepewa.

Maana ni kweli. Vichwa vyote vilikuwa vyako. Tangu uingie chuo, kila samaki fatundu aliyepita mikononi mwangu niliuza kiwiliwili. Wateja walinuna. Mtu wa pwani anataka kichwa, anataka afyonze jicho, anataka ile nyama ya shavu. Nilikuwa nawaambia kichwa kakila mume wangu, mwenye hasira aende akaoe. Jioni unaingia na begi mgongoni, jasho linakutoka, hata viatu hujavua: "Mke wangu, vichwa vyangu viko wapi?" Mama yako anakufokea kutoka chumbani, "We mtoto, salimia kwanza." Nawe unasema, "Shikamoo mke wangu. Vichwa viko wapi?"

Unakaa kwenye mbuzi yangu ya kukunia nazi, sinia mapajani, unapasua fuvu kwa kisu changu kidogo na kuchomoa vijiwe viwili vyeupe. Vijiwe vya masikio, ulisema. Nilikucheka. Samaki na masikio wapi na wapi. Ukaniambia masikio anayo, yako ndani, na kile kijiwe kinakua pamoja naye, kila mwaka kinajizungushia duara jipya, ukikikata na kukitazama kwenye mashine ya chuo unaona umri wake wote. Mimi nilikuwa nakusikiliza huku nakuandalia ndimu na pilipili, maana ukishatoa vijiwe vyako kichwa kinakuwa changu, na supu inakuwa yetu sote.

Siku moja ulirudi umepigwa na butwaa. Ulisema yule wa kichwa kikubwa ni mkubwa kuliko mama. Nikadhani unazungumzia mwili, nikakukanya usimtukane mama yako. Kumbe ulikuwa unazungumzia umri. Fatundu aliyekuwa anaogelea kabla Zuhura wangu, mama yako, hajazaliwa, nami nilimkata vipande nikamuuzia mpagazi mmoja wa Msimbazi aliyesema vipande vyenyewe ni vidogo. Baadaye ukaniambia, "Mke wangu, huyu alikuwa anastahili shikamoo."

Nakumbuka yote uliyonifundisha. Sina pa kuyapeleka, ndiyo maana nakurudishia mwenyewe. Ulinionyesha kwenye simu mtoto wa fatundu, ana madoa mawili meupe mgongoni, anakaa maji mafupi kwenye matumbawe yenye vichochoro. Anachanganyika na visamaki vipole, rangi yao anayo, mwendo wao anao, wenyewe wanamwona mwenzao. Halafu anang'ata. Nikakwambia huyo namjua, yuko Kariakoo, kavaa kama mteja, anasukumana na wateja, ukija kushtuka simu huna. Ulicheka mpaka ukakohoa. Akikua, madoa yanafutika, anakuwa mwekundu, anahama vichochoro na kwenda kuishi ukingoni, pale mwamba unapokatika na bahari inakuwa nyeusi. Huko anawinda samaki wenzake na kaa na pweza. Ana kamfereji kutoka puani hadi jichoni. Ulinishika kidole ukakipitisha hapo, ili wauzaji wasije kuniuzia kila samaki mwekundu kwa jina la fatundu.

Na kuzaa anachelewa. Miaka na miaka anakula tu, anakua pole pole, hana yai. Nikasema kama Shabani. Mjomba wako alikuwepo siku hiyo, amekaa kizingitini na kikombe cha chai, akacheka kuliko sisi wote. "Mama, mimi natafuta mke mwenye meno ya fatundu kama wewe."

Nataka ukumbuke hicho kicheko chake, kwa sababu mimi siwezi kukisahau, na kingekuwa cha mtu mbaya ningepumzika.

Shabani hakuwa mtu mbaya. Ndiye mdogo wa mama yako, mtoto wangu wa mwisho, mtu wa mnadani pale Feri. Miaka yote ndiye aliyeniletea samaki. Ndiye aliyekubeba mabegani kukupeleka kuona meli. Ulipoenda chuo kusomea samaki alitangaza mnada mzima, akawaambia matajiri wenye boti mpwa wangu atakuja kuwafundisha kazi.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Nilikuwa nimetandaza unga wa ngano kwenye sinia, nasukuma chapati. Ulitoka baharini na nywele zimeganda chumvi, hukai, husimami. Ulisema umeiona harusi. Mwezi ukishapevuka, fatundu wakubwa wanatoka kila mwamba, wanasafiri, wanakutana mahali pamoja, kwenye mlango wa maji kule nje kabisa ya visiwa. Wengi mpaka maji yanakuwa mekundu. Majike matumbo yamejaa mayai. Wanapanda juu kwa makundi wakizunguka, wanamwaga mayai na mbegu zao kwenye mkondo, na mkondo unayabeba mbali yasije yakaliwa palepale. Kila mwezi wa msimu wao wanarudi mlango huohuo. Ulisema wazee wale wa miaka mingi ndio wenye mayai mengi, ukiwamaliza hao pale mlangoni umemaliza mwamba wa huku na wa kule na wa ng'ambo, kwa sababu wote wametoka huko.

Ukachora. Kwa kidole, kwenye unga wangu. Hiki kisiwa, huu mwamba, hapa mlango. Ukasema, "Hapa msimwambie mtu." Tulikuwa mimi, mama yako, na mjomba wako. Mimi nilikuwa nasikitikia unga. Shabani aliinama kutazama, akauliza swali moja tu, mlango uko upande wa jua linakotoka au linakotua. Ukamjibu. Kwa nini usingemjibu, si mjomba wako.

Mwezi uliofuata ulikwenda kuwahesabu.

Mwenzako wa chuo aliyebaki juu kwenye boti alikuja kutusimulia, akiwa bado na taulo shingoni. Bahari ilikuwa shwari. Boti nyingine ilikaa mbali kidogo, mtu akasimama, akarusha kitu, maji yakavimba kama yanataka kuchemka. Wewe ulikuwa chini. Daktari alijaribu kunieleza taratibu, akasema ungekuwa juu ungepona, ila ndani ya maji mshindo haupungui, unaingia moja kwa moja kifuani. Nassoro, nilikukagua mwili mzima. Nilitaka nikute jeraha, nipate pa kutazama na kulaani. Hukuwa na hata mchubuko. Ngozi yako ileile niliyokuwa naipaka mafuta ya nazi ulipokuwa mchanga.

Ile boti ilikimbia. Hakuna aliyeiona namba, hakuna aliyeona uso. Mnadani walijua, watu wa mnadani wanajua boti ya kila mtu kwa mlio wa mashine yake, lakini walipoulizwa msibani ni nani, kila mtu alianza kutafuta kandambili zake. Na wale waliobaki wakasema ni mipango ya Mungu. Alinishika mkono mama mmoja mzuri tu, nisimtaje, akasema Mungu kampenda zaidi. Nikamwambia Mungu hakuwasha utambi wa baruti. Akauachia mkono.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Hili hukuambiwa na mtu.

Siku ya kuanua matanga yako, wanawake walikuwa uani wanapika, mimi nimekaa mkekani na mama yako kama mfiwa anavyotakiwa. Shabani akaingia na tenga la samaki lenye barafu, mchango wake. Watu wakamsifu, mjomba ndiye huyo. Kupitia mlangoni nikawa naona wanavyoparua magamba, wanaparua kama wanafuta ubao. Nikashindwa. Nikainuka. Mikono yangu haijui msiba.

Nikamshika wa kwanza. Nyama ikabonyea, haikurudi. Nikapitisha kidole puani hadi jichoni, nikakuta kamfereji. Nikampasua. Uti wa mgongo umevunjika na kuachana na nyama, damu imevilia tumboni, kile kifuko chake cha hewa kimechanika kama puto. Samaki wa mshipi hawi hivyo. Samaki wa baruti namjua, kila mkaanga samaki anamjua, ukimtia kwenye karai anafumuka, unabaki na makombo. Ndiyo maana tunamkataa, wengine kwa dini, wengine kwa hasara. Lakini huyu alikuwa na jambo jingine. Alikuwa na mayai, vifuko viwili vimejaa mpaka vimepasuka. Nikafungua wa pili. Nikafungua wa tatu, dume, mbegu nyeupe inamtoka. Wote wakubwa, wote fatundu, wote wametoka harusini.

Nilikaa chini kwenye matope ya uani na yule samaki mkononi. Wale walikuwa na wewe, Nassoro. Walikuwa wanakuzunguka. Mshindo mmoja uliwachukua wao na wewe, wao wakapelekwa mnadani, wewe ukapelekwa hospitali, halafu mkakutana tena nyumbani kwangu, wewe kwenye dua na wao kwenye mchuzi.

Vipande vya mwanzo vilikuwa vimeshaingia kwenye sufuria. Nikalipindua. Mchuzi ulinimwagikia mguuni, kovu liko hapa. Wanawake wakanikamata, bibi amechanganyikiwa, mpeni maji, mwingizeni ndani, mfungueni kanga kifuani apumue. Nikawaacha waseme. Wali ukaliwa mkavu na watu wakaondoka na hadithi. Sikufungua mdomo kwa sababu nilikuwa nimemwona Shabani. Alikuwa ameegemea ukuta na uso hauna damu, na hakuja kunishika. Mwanangu yule, mimi nikijikwaa tu anakuja mbio. Siku hiyo hakuja.

Asubuhi yake nilimwita chumbani nikafunga mlango.

"Nani alimwonyesha mwenye boti mlango wa fatundu?"

"Mama, nilimwambia mtu mmoja tu."

"Mmoja alitosha."

Akalia. Nikamwacha alie. Akasema yule mtu alimwahidi kwamba mzigo ukifika, yeye ndiye atakayechagua kwanza kabla ya mnada kufunguliwa. Ni hivyo tu. Kuchagua kwanza. Akasema alidhani wataenda na mishipi. Nikamuuliza, huyo mtu ulikuwa unamjua ni wa mishipi au ni wa baruti? Akasema, "Sikujua Nassoro atakuwa chini siku ile." Nikamwambia ungemuuliza, ulikuwa unakula naye sahani moja.

Na wale samaki? Akasema alishawanunua kabla simu ya msiba haijamfikia. Alipopata habari akashindwa kuwauza na akashindwa kuwatupa. Akaona awatoe sadaka, awalete kwenye matanga yako, watu wale wakuombee dua, labda moyo wake utatulia. Nassoro, nimeishi sana mjini hapa, nimeona watu wanatoa sadaka ya kila namna, ya wizi, ya magendo, ya kiburi. Lakini mtu kuchukua kilichokuua na kukupikia nacho hitima, hilo nimeliona kwa mwanangu. Na kibaya zaidi nilimwelewa. Ndivyo tulivyomlea. Ukikosea, toa chakula.

Nikamwambia nenda polisi kaseme jina. Akasema wataniua, mama. Akasema na mimi mwenyewe nitafungwa. Nikasema najua.

Hakwenda.

Kesho yake akapita mlangoni, "Shikamoo mama." Sikuitika.

Sikumfukuza. Sahani yake niliiweka, maji ya kuoga nilimwekea, shati lake lililochanika nilishona. Lakini marahaba yangu niliifungia. Wewe ungesema bibi hicho ni kitu kidogo. Jaribu kuishi kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, watu wamejaa uani na miswaki mdomoni, uje useme shikamoo kwa mama yako mzazi na mama yako aendelee kuchagua mchele. Ikaning'inia hapo. Kila asubuhi. Wapangaji wakawa wanainamisha macho. Siku nyingine aliisema mara mbili, akidhani sikusikia, na alijua nimesikia. Ilikuwa inanikata mimi kuliko yeye, nikikuficha hilo nitakuwa nakudanganya. Mara nyingi neno lilifika hapa kwenye meno. Nikalimeza.

Mama yako ndiye aliyenibana. Nilikuwa nimemficha. Nilikwisha kumzika mjukuu, niliogopa nikisema nitawapoteza na watoto waliobaki, mmoja kwa hasira na mmoja kwa aibu. Zuhura si mjinga. Alisema, "Mama, Shabani amekukosea nini kikubwa hivyo?" Nikamwambia muulize mwenyewe. Nikamwita Shabani, nikamkalisha mbele ya dada yake, nikasema haya, sema kama ulivyoniambia, usipunguze.

Akasema yote. Mama yako hakupiga kelele. Alikuwa anakunja nguo zako, zile alizokuwa hataki mtu azigawe, akaendelea kukunja mpaka amemaliza. Halafu akamuuliza, "Siku ile anachora kwenye unga, ulikuwa unamsikiliza mtoto wangu, au ulikuwa unapima bei?"

Kuna maswali ukiyajibu umekufa.

Tangu siku ile hakukanyaga tena mnadani. Akawa anakaa tu, anakonda, shingo imekuwa kama ya kuku wa kizungu. Na mimi fatundu nikaacha kununua. Kwenye kabati sasa kuna vibua, na kibua ana kichwa chake. Kule Feri, mwezi ukipevuka, samaki laini wa baruti waliendelea kuletwa. Wachuuzi wenzangu walikuwa wananiambia. Walikuua, wakapumzika kidogo mpaka watu wamepoa, wakarudi mlango uleule, kwa sababu nani wa kuwazuia? Aliyekuwa anawahesabu wale samaki amekwisha hesabiwa yeye. Nilikuwa nakaa mbele ya karai nawaza, yule mwenye umri wa Zuhura, yule mwenye umri wangu labda, amesafiri kutoka mwamba wake na mimba yake kwenda kukutana na wenzake kama alivyozoea miaka yote, hajui kwamba njia yake imeshauzwa na mtu wa nyumbani kwangu. Nilikuwa namwonea huruma samaki. Mimi, niliyewakaanga maisha yangu yote.

Wiki iliyopita Shabani alitoka chumbani mapema na shati limepigwa pasi. Nilikuwa nasugua karai kwa majivu.

"Shikamoo mama."

Nikaendelea kusugua.

"Naenda kusema."

Nikanawa mikono, nikamtilia chai. Alikunywa akiwa amesimama. Nilitaka kumwambia keti, nilitaka kumwambia usiende, nilitaka kumwambia yule amekwisha kufa na wewe bado unapumua. Niliyataka yote hayo, Nassoro, usinione jiwe. Nilichosema ni kwamba avae sweta, huko ndani sakafu ni ya saruji. Akavaa. Nikamwona anavuka barabara pale kwa Mangi, Mangi akamwambia "Mambo," hakuitika, akakata kona.

Alitaja jina. Alitaja na la kwake. Mwenye boti wamempata kwake anakula, wengine wamekimbia. Shabani wamemweka ndani hukohuko, na hawajasema atatoka lini. Mnadani sasa hawanisalimii. Mchuuzi mmoja, mwanamke niliyemsaidia kuzaa, alitema mate karibu na jiko langu, eti nimemuuza mwanangu. Nikamwambia sogea kidogo, bibi, mate yataingia kwenye mafuta ya wateja.

Jana nilifunga wali na maharage kwenye hotpoti nimpelekee. Mama yako akatoka chumbani, ameshajifunga kanga ya kutokea. Tangu yale mazungumzo alikuwa hajalitamka jina la mdogo wake. Akanyoosha mkono. "Lete. Mguu wako mbovu, utachukua kutwa." Sikumbishia. Nilikaa uani namsubiri, sikuwasha hata jiko.

Alirudi mchana na hotpoti tupu. Amekula? nikamuuliza. Akasema amekula. Hakusema kitu? nikamuuliza. Zuhura akakaa, akavua viatu, akajikanda vidole.

"Amesema nikwambie shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, wapangaji wakageuka. Nikamwambia Zuhura, kesho ukienda na chakula mpelekee na hiyo, usiisahau njiani.

Akasema, "Ya kwako nitampelekea. Na mimi alinipa shikamoo, ya kwangu bado."

Nikamwambia sawa. Ni yake, ataitoa siku anayotaka, na asipotaka mimi sitamlaumu, na wewe usimlaumu.

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Mmoja yuko udongoni, mmoja yuko ndani, mmoja yuko chumba cha pili anajifanya amelala. Watu wananiambia haki itapatikana. Itapatikana, lakini haina miguu ya kuingia hapa uani na kuniuliza vichwa viko wapi.

Mume wangu, nakuaga. Ahadi yangu ni hii, na nimeiandika mwenyewe ili nisije nikaikana. Wamesema siku ya kesi watahitaji mtu aliyewaona wale samaki. Nitakwenda. Nitaeleza jinsi walivyokuwa mikononi mwangu, uti ulivyokatika, mayai yalivyomwagika, na nani aliyewaleta. Wakiniuliza ni nani yako, nitasema ni mwanangu, nimemzaa, nimemnyonyesha, na asubuhi hii nimempikia. Wakimfunga nitampelekea chakula mpaka nichoke. Wakimwachia atalala kwangu. Lakini neno hata moja sitampunguzia.

Lala. Najua umezoea kunihimiza, mke wangu twende, mke wangu umechelewa. Safari hii usinisubiri mlangoni. Nina kesi kwanza.

Mkeo mzee,
Bibi Mwanahawa
Mchafukoge